Kutoka Milimani Hadi Bondeni

Asubuhi hii nawaomba mvae viatu, tutembee kidogo kwa miguu. Mnakumbuka katika Luka sura ya 10, mwanasheria alimwuliza Yesu jirani yake ni nani. Yesu hakumpa orodha ya majina. Alimsimulia habari za njia, ile ishukayo toka Yerusalemu mpaka Yeriko. Njia yetu ya leo nayo inashuka.

Twaanzia Milimani, mjini Nakuru, katika mteremko wa Menengai. Ni mahali pa kimya. Mijakaranda imeinamia barabara, ua za michongoma zimekatwa vizuri, na nyuma yake zimo nyumba za zamani zenye dohani, maana usiku huku kuna baridi. Siku za ukoloni Wazungu ndio waliokaa hapa. Wahindi walikaa karibu na maduka yao, na Mwafrika alikuwa na lokesheni yake kule chini, Bondeni. Milimani, Bondeni: majina hayo hayakuficha neno! Asubuhi mtu alipanda kuja kupika na kulima bustani ya mwingine, jioni akashuka.

Leo hapa wanakaa Wakikuyu, Wakalenjin, Waluo, Waluhya, Wakisii, Wahindi. Kila mtu na geti lake, na mlinzi wake ambaye pengine hatujui jina lake.

Mto hatuna. Mto Njoro hupita mbali, ukitoka Mau kwenda ziwani. Lakini mvua inyeshapo barabara zetu zenyewe huwa mito, na maji ya mwenye bustani nzuri hushuka kwa walio chini.

Tushuke nayo. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, imejengwa na maelfu ya vibarua kutoka India. Ndiyo sababu mji huu una hekalu la Singasinga na la Wahindu, una misikiti, na una Kanisa Kuu letu la Mchungaji Mwema, la dayosisi iliyoanzishwa mwaka 1961. Adhana na kengele zimezoeana hapa.

Sasa tumefika Bondeni, na hapa lazima nisimame.

Januari 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mji huu ulipowaka moto, mimi nilikuwa kijana niliyejiandaa kwenda chuo cha theolojia. Nilipanga chumba hapa. Mlango wa pili alikaa mama mmoja wa kabila lingine, aliyenigawia makaa ya jiko lake kila nilipoishiwa. Usiku mmoja alibisha hodi. Nilimtambua kwa sauti. Nilizima taa, nikanyamaza.

Mungu alimwokoa kwa mkono wa mtu mwingine. Siku chache baadaye nilimkuta uwanja wa maonyesho ya kilimo, kwenye mahema ya waliofukuzwa. Akaniuliza, "Hujambo, mwanangu?" Habari za mlango hakuzitaja. Nami sikuzitaja, miaka mingi, hata nikavaa kola ya uchungaji na kuhubiri juu ya Msamaria.

Juma lililopita nilishuka kwa miguu njia hii hii niliyowaonyesha. Amekwisha rudi, anauza sukuma wiki karibu na pale pale. Niliketi juu ya debe lake nikamwambia yote. Alifunga kwanza fungu la mboga alilokuwa nalo mkononi.

"Nilijua umo ndani," akasema. "Niliona mwanga chini ya mlango ukizimika."

Kisha akaniuliza kama nimekunywa chai.

Tuombe. Ee Baba, uwakumbuke walinzi watokao zamu asubuhi hii, na akina mama wafunguao vibanda vyao, na kila aliyebisha hodi usiku asifunguliwe. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.