Kusi na sindano ya miezi mitatu

Mama msikilizaji, uko kisiwani Jibondo, kusi inavuma, na kadi yako ya uzazi wa mpango inasema leo ni siku ya sindano. Zahanati imeishiwa dawa, boti ya kwenda Kilindoni haitoki. Usikate tamaa: sindano ya miezi mitatu ikichelewa hadi wiki 4 bado unachomwa. Ikizidi hapo, tumieni kondomu mpaka umwone mhudumu.

Mimi kwa mama wa visiwani ningeulizia kijiti. Kinawekwa chini ya ngozi ya mkono, kinakaa miaka 3 au 5 kulingana na aina. Kitanzi cha shaba kinafika hata miaka 10. Ukitaka mtoto, kijiti au kitanzi kinatolewa, na uzazi unarudi, hata kama shoga yako amekuapia vinginevyo. Katika vituo vya serikali huduma hii ni bure.

Na mimba ikiwa imeshaingia? Kuitoa ni kosa: Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inamfunga anayemtoa mwanamke mimba hadi miaka 14, mwanamke mwenyewe hadi 7; kifungu cha 230 kinalinda upasuaji wa kuokoa maisha ya mama. Ndiyo maana watu hukimbilia mizizi na majivu, kwa siri, na wengine hawarudi.

Lakini anayetokwa damu au kushikwa na homa baada ya mimba kutoka, kwa namna yoyote ile, hutibiwa hospitali kihalali. Mama mkwe, wifi, msimfungie ndani kwa aibu. Mleteni Kilindoni mapema.