Kijenzi na Muktadha Wake: Upimaji wa Kurasa za Wavuti kwa Jicho la Mofolojia

Katika tungo *jicho lililia*, silabi *li* hutokea mara tatu: kwanza ni upatanisho wa ngeli, pili ni njeo ya wakati uliopita, tatu ni mzizi wa kulia. Ikichomolewa peke yake, haitambulikani ni ipi.

Wahandisi wa programu hukabiliwa na tatizo kama hilo wanapopima vijenzi vya kurasa zinazobadilika ndani ya kivinjari bila ya seva kuombwa ukurasa mpya. Katika React Router, kijenzi Link kikipimwa nje ya Router hutoa kosa papo hapo. Wengi hukimbilia kughushi: amri ya kuhama ukurasa huwekewa ya bandia, na jaribio huridhika mradi kijenzi kimetaja anwani "/wanafunzi/7". Hapo ndipo penye hatari. Ikiwa njia iliyosajiliwa ni "/mwanafunzi/:namba", jaribio hufaulu, ilhali msomaji hukuta ukurasa usiokuwepo. (Umoja na wingi huwatega hata watunzi wa anwani.)

Lililo bora ni kukipa kijenzi muktadha mdogo lakini wa kweli. MemoryRouter huweka historia ya safari katika kumbukumbu, pasipo kutegemea upau wa anwani. Hupewa anwani ya kuanzia, kiungo hubonyezwa, kisha huchunguzwa ni ukurasa gani uliotokea. Mwanamofolojia naye hahitaji kitabu kizima ili kuibainisha *li*. Nomino *jicho* humtosha. Ila njia hizo sharti zitoke katika faili ileile inayotumiwa na programu. Zikinakiliwa upya ndani ya jaribio, ughushi umerudi kwa mlango wa nyuma.