Vijana wa Miaka 16 na 17 katika Kumbi za Muziki Zisizo na Kilevi: Swali la Mlango

Mada iliyoandaliwa kwa semina ya maofisa ustawi wa jamii, maofisa utamaduni na wasimamizi wa kumbi za burudani

1.0 Utangulizi

Nimeombwa nijibu swali moja: je, kijana anayekaribia utu uzima lakini hajafikisha miaka 18 aruhusiwe kuingia kwenye ukumbi wa disko usiouza pombe? Jibu langu ni ndiyo, kwa masharti. Kati ya masharti hayo lipo moja ambalo nimelipigania kwa miaka mingi ya kazi ya ukaguzi, na ndilo litakalochukua sehemu kubwa ya mada hii. Naomba mnivumilie.

2.0 Maana ya maneno

Haya sote tunayafahamu, kwa hiyo nitapita haraka. Mtoto, kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ni mtu mwenye umri wa chini ya miaka 18. Disko toto ni jina la mtaani la muziki unaopigiwa watoto wakati wa sikukuu, hasa Idi na Krismasi. Ukumbi usio na kilevi, kwa maana ya mada hii, ni ule ambao pombe haiuzwi, haitunzwi wala hainywewi humo siku yoyote. Baa inayofunika friji kwa kitenge kuanzia saa 8 mchana hadi saa 12 jioni haimo katika maana hii.

3.0 Sheria inasemaje

Sheria ya Mtoto inamkataza mmiliki au msimamizi wa baa au klabu ya usiku kumruhusu mtoto kuingia. Sheria hiyohiyo inampa mtoto haki ya kucheza na kupumzika, sambamba na Ibara ya 31 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991. Wenzetu wa Kenya, katika sheria yao ya vileo ya mwaka 2010, wamelifungamanisha katazo na pombe yenyewe: aliye chini ya miaka 18 asifike mahali inaponywewa. Sisi tumetaja aina ya mahali. Matokeo yake, maofisa wawili husoma maneno yaleyale na kutoka na majibu mawili. Mmoja husema klabu ni klabu hata ikiuza maji tu; mwingine husema pasipo pombe hapana klabu.

Si nia ya mada hii kutafsiri sheria. Hiyo ni kazi ya wanasheria wa Serikali na mahakama. Ninachoshauri ni kwamba, hadi ufafanuzi utakapotolewa, tutumie kumbi za halmashauri, za jamii na za shule, na klabu za usiku tuziache kando.

4.0 Vijana hawa wako wapi sasa

Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba, na matokeo hutoka baada ya Mwaka Mpya. Katika wiki hizo kijana wa miaka 17 hana shule, hana kazi, na sikukuu zimefuatana. Akitaka muziki ana njia tatu. Ya kwanza ni kigodoro, yaani ngoma ya mtaani ya usiku kucha, ambako hakuna anayeuliza umri na pombe iko hatua mbili kutoka kwenye spika. Ya pili ni kuingia klabu ya wakubwa kwa kitambulisho cha kaka au dada yake. Ya tatu ni disko toto, anakochanganywa na watoto wa miaka saba. Huyu akiruka kwa furaha ya muziki, yule mwenye kimo cha kiuno chake anakanyagwa. Anayesema vijana hawa wabaki nyumbani ana nia njema, lakini hawabaki.

5.0 Tatizo la mlango

Mijadala yetu yote huanzia kwenye chupa. Naomba leo tuanzie kwenye mlango.

Oktoba 2008, wakati wa Idi el-Fitri, watoto takriban 20 walikufa mjini Tabora katika ukumbi wa disko toto. Hawakuuawa na pombe. Walikuwa wengi kuliko ukumbi, na hewa haikuwatosha. Miaka kumi kabla yake, Oktoba 1998, vijana 63 walikufa kwa moto katika disko la vijana mjini Göteborg, Uswidi. Ukumbi ulioruhusiwa kuchukua watu 150 ulikuwa na karibu 400, na moto uliwashwa kwenye ngazi za mlango wa dharura, mahali palipowekwa viti. Juni 2022, huko East London, Afrika Kusini, walikufa vijana 21, mdogo kabisa akiwa na miaka 13. Pale pombe ilikuwepo, na watoto waliuziwa. Lakini hata pale msongamano ulikuwepo. Katika misiba yote mitatu watu walikuwa wengi kuliko nafasi. Pombe iliuzwa katika mmoja.

Nieleze nilichokiona mwenyewe. Mwaka mmoja, siku mbili kabla ya Idi, nilikwenda kukagua ukumbi uliokuwa umeomba kibali cha muziki wa vijana. Msimamizi alinionyesha friji tupu kwa fahari, na kweli hapakuwa na hata bia moja. Mlango wa mbele ulikuwa na upana wa watu wawili, lakini meza ya kiingilio iliwekwa katikati yake, hivyo nafasi iliyobaki ilikuwa ya mtu mmoja, tena apite kwa ubavu. Nikaomba kuuona mlango wa nyuma. Tulipita jikoni, tukakuta kreti za soda zimepangwa hadi usawa wa kifua. Vijana wawili wakaziondoa. Nyuma yake kulikuwa na komeo, na kwenye komeo kufuli lenye kutu. Nikauliza ufunguo. Anao bosi, na bosi yuko safarini. Nikauliza kwa nini wanafunga. Msimamizi akanijibu bila kunificha: "Mama, tukiuacha wazi nusu yao wanaingia bure."

Jibu hilo nimelisikia katika kumbi nyingi tangu siku ile, na lina maelezo yote tunayoyahitaji. Kinachoweka kufuli ni hesabu ya fedha. Kiingilio cha kijana ni kidogo, na soda haina faida ya bia, kwa hiyo mwenye ukumbi hupata chake kwa wingi wa vichwa. Anaacha mlango mmoja ili asiibiwe kiingilio, kisha anajaza ili alipe spika, dijei na umeme. Tukiondoa pombe bila kugusa hesabu hii, tunaongeza msongamano. Ukumbi usio na kilevi, usiposimamiwa, unaweza kuwa wa hatari zaidi kwa sababu sote tumeshaambiana kwamba ni salama.

Niliandika taarifa siku ileile. Ofisi moja ikanijibu kwamba milango si jukumu lake. Ofisi ya pili ikasema haikuwa imeombwa rasmi. Sikukuu ikafika, muziki ukapigwa, vijana wakarudi makwao wazima. Kati yetu hakuna aliyefanya kazi ya kuwarudisha wazima.

Kila inapokaribia Idi tunasikia tangazo la kupiga marufuku disko toto. Sibezi tangazo hilo; limetokana na msiba wa Tabora na lina haki ya kuheshimiwa. Lakini marufuku huisha pamoja na sikukuu, na kufuli hubaki mahali pake hadi Krismasi.

Kuna pia swali la umri. Kitambulisho cha taifa huombwa na aliyetimiza miaka 18. Kwa hiyo kijana tunayetaka kumruhusu ndiye asiyekuwa nacho. Cheti chake cha kuzaliwa hakina picha, na kitambulisho cha shule mara nyingi hakina tarehe ya kuzaliwa. Mlinzi wa mlangoni anabaki kukadiria kwa macho.

6.0 Mapendekezo

Kwa heshima napendekeza yafuatayo:

(i) Muziki wa vijana uwe wa miaka 16 na 17 pekee. Watoto wadogo wawe na siku yao, mchana, na wazazi wao.

(ii) Ukumbi uwe hauna kilevi siku zote, si kwa saa za shughuli tu.

(iii) Kila ukumbi uwe na milango ya kutokea isiyopungua miwili, inayofunguka kwa kusukumwa kuelekea nje, na isiwe na kufuli wakati watu wamo ndani.

(iv) Meza ya kiingilio ikae nje, mbali na mlango.

(v) Jeshi la Zimamoto na Uokoaji litaje idadi ya juu ya watu, idadi hiyo iandikwe ukutani kwa herufi kubwa, na tiketi zenye namba zichapwe kwa idadi hiyo tu.

(vi) Mlango wa nyuma uwekewe mlinzi badala ya kufuli. Mlinzi mmoja anaweza kuzuia wasiolipa, na bado akawafungulia wanaokimbia.

(vii) Halmashauri zipunguze au zisamehe ada ya kukodi kumbi zake kwa shughuli hizi, ili mwandaaji asilazimike kujaza ukumbi ndipo apate gharama zake.

(viii) Kijana aoneshe cheti cha kuzaliwa au nakala yake pamoja na kitambulisho cha shule chenye picha. Asiye navyo aje na mzazi au mlezi.

(ix) Muziki uzimwe saa 2 usiku na taa ziwashwe mapema, ili vijana wapate daladala na wasirudi watatu watatu kwenye bodaboda moja.

(x) Kuwe na fomu moja ya kibali yenye saini za Zimamoto, utamaduni, ustawi wa jamii na polisi. Saini moja ikikosekana, kibali hakuna. Taarifa ya mkaguzi isizunguke tena kati ya ofisi na ofisi.

(xi) Mamlaka husika zitoe ufafanuzi wa maandishi kama katazo la klabu ya usiku linahusu ukumbi usio na kilevi.

(xii) Vijana wenyewe wasikilizwe kabla ya kanuni kuandikwa; haki yao ya kutoa maoni imo katika Sheria ya Mtoto.

(xiii) Nasisitiza tena kuhusu milango: ikaguliwe siku ya shughuli, saa moja kabla ya muziki. Ukaguzi wa wiki iliyopita hauoni kreti za leo.

7.0 Hitimisho

Ndugu washiriki, naamini vijana hawa wakipewa ukumbi wao, wenye taa, hewa na mtu mzima anayewajibika, watautumia vizuri. Naamini pia kwamba ukumbi huo ukifunguliwa kwa haraka, kwa sifa ya kutokuwa na pombe peke yake, tutalia tena kama tulivyolia na wazazi wa Tabora. Fomu na kanuni zitachukua muda. Kabla hazijatoka, kila mmoja wetu anao ukumbi katika eneo lake. Sikukuu inayofuata, tafadhali fika pale, pita hadi nyuma, na usukume mlango kwa mkono wako mwenyewe. Usipofunguka, usitie saini.