Mgeni Akilala, Mlima Unafaidika
(Mada iliyotolewa na Mhasibu katika harambee ya wana-Lushoto waishio Dar es Salaam)



Kila Pasaka na kila Sabasaba, barabara ya Mombo hadi Lushoto, kilomita 33 za kona, hujaa magari ya wageni. Husimama Soni kuangalia maporomoko, hupita mjini ambako Wajerumani walikuita Wilhelmstal, kisha huenda Irente kutazama tambarare chini ya miguu yao. Wachache hufika Mtae, kijiji kilichokaa juu ya ukingo wa mlima. Jioni wengi hushuka.

Mimi ni mtu wa hesabu, basi niruhusuni nipige hesabu. Huu ni mfano tu, si takwimu. Familia ya watu wanne ikipanda asubuhi na kushuka jioni, itanunua soda nne, sh. 4,000, na kapu la mapeasi, sh. 10,000. Jumla sh. 14,000. Familia hiyo hiyo ikilala usiku mmoja, ongeza vyumba viwili sh. 80,000, chakula sh. 60,000 na kijana wa kuwatembeza msitu wa Magamba sh. 30,000. Jumla sh. 184,000. Ni zaidi ya mara kumi na tatu. Na fedha ya chakula haiishii hotelini. Inamfikia mama mwenye kabichi, mwenye ng'ombe wa maziwa na kijana wa bodaboda aliyeleta viazi.

Mandhari tumepewa na Mungu bure. Kinachomfanya mgeni alale ni mambo madogo: choo safi, kibao kinachoonyesha njia, na mwenyeji anayejua kumweleza historia ya mahali na bei kabla ya safari. Mgeni mwenye watoto asipopata choo, hageuki kulaumu, anageuza gari.

Ndiyo maana kamati imependekeza michango ya mwaka huu iende kwenye mambo matatu: choo cha wageni chenye maji, vibao vya njia, na mafunzo ya vijana waongozaji. Choo kitakuwa na mtunzaji atakayelipwa kutokana na ada ndogo ya watumiaji, kwani jengo lisilo na mtunzaji ni hasara iliyopakwa rangi.

Kila shilingi itapewa risiti, na taarifa ya mapato na matumizi itasomwa hapa mwakani, pia itabandikwa kijijini.

Ombi langu la pili halihitaji fomu. Sikukuu ijayo ukienda kusalimia wazee, mchukue na mfanyakazi mwenzako mmoja. Mlaze kwetu, ale kwetu.

Fomu ya ahadi ipo ukurasa wa mwisho. Haba na haba hujaza kibaba.