SOMO LA LEO: KITI CHA DIRISHANI

Sogeeni karibu na redio, shikeni kalamu na daftari. Leo tutasoma namba moja na herufi moja tu.

Tuseme mama mmoja wa Tukuyu alikwenda Dar es Salaam kutibiwa. Sasa amepona, na wanawe wamechanga nauli arudi kwa ndege mpaka uwanja wa Songwe, Mbeya, ulioanza kutumika mwaka 2012. Hajapata kupanda ndege, na huenda asipande tena. Siku zote za ugonjwa alitamani kuuona mlima wa kwao, Rungwe. Je, atauona akiwa angani? Jibu limo katika karatasi aliyoshika mkononi.

Andikeni: 7A. Namba 7 ni safu ya viti, ukihesabu kutoka mbele. Herufi A ni mahali pa kiti katika safu hiyo. Simama ndani ya ndege, uelekeze uso mbele kwa rubani. Kwa kawaida A ni kiti cha dirishani, mkono wa kushoto. Herufi ya mwisho ya safu ni kiti cha dirishani, mkono wa kulia. Viti vya katikati viko mbali na dirisha.

Sasa tufikiri ramani. Dar es Salaam iko mashariki, pwani. Mbeya iko magharibi, na kusini kidogo. Basi ndege ikienda Mbeya, kaskazini iko kulia kwako, na kusini iko kushoto.

Rubani aweza kubadili njia kwa sababu ya hali ya hewa. Lakini ndege ikienda moja kwa moja, mambo ni haya:

Kulia utaona milima ya Uluguru, kisha nchi ya Iringa. Mwisho utaona uwanda wa Usangu, ambako mto Ruaha Mkuu hukusanya maji yaendayo kwenye mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu.

Kushoto utaona bonde la Kilombero lenye mashamba ya mpunga, kisha nyanda za juu za Njombe. Karibu na kutua utaona mlima Rungwe, wenye urefu wa karibu mita 3,000.

Basi mama yetu aombe kiti cha A. Mtu wa Iringa anayetaka kuona kwao kutoka juu aombe herufi ya mwisho.

Angalieni pia bawa. Katika ndege nyingi kubwa bawa liko chini ya madirisha, nalo huficha nchi. Kaa mbele ya bawa, au nyuma kabisa. Katika ndege nyingi za pangaboi zinazobeba abiria, bawa liko juu, nawe waona chini vizuri; epuka tu safu iliyo kando ya injini.

Tena kuna jua. Mwezi wa Juni jua la mchana huwa upande wa kaskazini, yaani kulia kwetu, nalo huumiza macho. Desemba huwa kusini, yaani kushoto. Asubuhi, ukienda Mbeya, jua liko nyuma yako. Hiyo ni saa njema ya kutazama. Mwisho wa kiangazi, moshi wa mbuga zinazochomwa huziba macho. Mwezi wa Mei na Juni, baada ya mvua, anga huwa safi zaidi.

Ufikapo uwanjani, wahi mapema, useme: “Tafadhali, naomba kiti cha dirishani, upande wa kushoto, mbele ya bawa.” Ukipewa karatasi, isome palepale, kabla hujaondoka dirishani pa karani. Asiyesoma hukaa anapowekwa. Wewe unasoma, ukiona herufi siyo, sema mapema.

Maswali:
1. Katika 12A, safu ni ipi?
2. Mama yule akirudi Dar es Salaam, Rungwe utakuwa mkono gani?

Jibu la swali la pili: kulia, kwa kuwa ndege imegeuka. Kwaherini, mpaka somo lijalo.