Kutunza Mkokoteni Baada ya Mavuno



Nimeombwa niseme machache juu ya mkokoteni wa punda. Kwetu Tumati chombo hiki hubeba mahindi, maji, na hata mgonjwa.

Mwaka mmoja, baada ya mavuno, wangu niliuosha, nikaufunika kwa nailoni ungali na maji, nikaufunga pande zote. Nilijiona hodari. Mvua zilipoanza, jirani alinigongea usiku. Mkewe ameshikwa na uchungu. Nilipofunua, mbao zimeoza na matairi hayana upepo. Mama yule tulimbeba kwa machela hadi barabarani. Kwa rehema ya Mungu alijifungua salama. Aibu ilibaki kwangu.

Tangu hapo naukausha kwanza. Naupandisha juu ya magogo ili matairi yasibebe uzito, naupaka grisi kwenye beringi, na kuuinamisha maji yatiririke. Turubai nalitandaza juu ya fito, pembeni pakiwa wazi upepo upite. Na turubai lenyewe silikunji likiwa bichi.

Ndugu zangu, kila mmoja akirudi kwake, afunue autazame wake.