Mkono wa Idi Ng'ambo ya Kivuko

Maneno yaliyosemwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Twaleta habari za ujumbe mliotutuma kwenda kutoa mkono wa Idi ng'ambo, katika nyumba ya mkubwa mmoja wa serikali ambaye kila mwaka hufungua mlango wake siku hiyo. Tulikuwa watu wanne. Fedha ya Chama haikutumika, maana mwenda kwa miguu halipi feri pale Likoni, na kutoka kivukoni tulitembea, kanzu tukizishika zisiburure vumbi.

Mila hii si ngeni. Zamani za mkataba wa 1895, Waingereza walipoutawala Mwambao ilhali bendera ni ya Seyyid wa Unguja, Liwali ndiye aliyekaa baraza la Idi mjini Mombasa. Wazee wetu walivuka kwenda kumwamkia, zama za Sir Ali bin Salim, na baadaye Sir Mbarak Ali Hinawy. Kahawa ilinywewa, lakini hawakuvukia kahawa. Aliyepewa mkono alipata nafasi ya kusema neno la mji wake. Cheo hicho kiliondoka Kenya ilipopata uhuru 1963.

Basi sisi tulipokewa vyema. Pilau haikuwa na kasoro. Tulikaa chini ya mwembe, mahali ambapo mlango wa bahari waonekana na feri zikipishana. Ni maji yale yale ambamo tarehe 29 Septemba 2019 mama na bintiye walitumbukia na gari lao kutoka ferini, wasitolewe hata tarehe 11 Oktoba. Na wazee hamjasahau Mtongwe, 29 Aprili 1994, watu 272.

Zamu yetu ilipofika, mwenyeji alimshika mkono mwenzetu mkubwa, akauliza, "Habari za ng'ambo?"

Akajibu, "Njema, alhamdulillahi." Nasi watatu nyuma yake tukaitikia, "Njema." Mkono ukaenda kwa mwingine.

Hatumlaumu mwenyeji, kwani aliuliza. Wala hatumlaumu mwenzetu. Kwetu "njema" ni mlango wa maneno tu. Hata mwenye msiba huanza nayo, kisha ndipo hueleza. Pale watu walikuwa wengi, na hiyo "kisha" haikupata nafasi. Tulirudi na halwa mkononi, na ndani ya feri hakuna aliyesema na mwenziwe.

Twaomba Kamati iandike barua fupi juu ya feri: milango iinuliwe kabla ya kuondoka, na maboya ya kujiokolea yawekwe mahali ambapo hata mtoto ayaona. Ipelekwe ofisini siku kadhaa kabla ya Idi, ili mwenyeji akiuliza habari awe amekwisha kuisoma. Aidha, miongoni mwa wajumbe awemo mama mmoja katika wale wavukao kila alfajiri na mizigo kichwani. Huyo, twadhani, hatasema njema akanyamaza.

Idi ya kuchinja i karibu. Majina manne yatakiwa leo, kabla mkutano haujafungwa.